Ukuta wa Atupele

Mbeya nzima ilitazama kupitia miwani ya mtandao, na duka lisilounganishwa lilionekana kama ukuta mtupu. Sekela, fundi cherehani, alikaa mwaka mzima bila mteja hadi asubuhi alipounganishwa. Watu walifurika. "Kumbe fundi yupo hapa hapa!" mama mmoja alishangaa, akimkabidhi vitenge vya harusi. Sekela alicheka huku machozi yakimtoka.

Sasa naye alilazimika kuvaa miwani ili apokee oda. Alipoivaa, alimgeukia dada yake Atupele, muuza maandazi wa kibanda cha jirani, washangilie pamoja. Aliona ukuta.

"Hongera, mdogo wangu!" sauti ya Atupele ilitoka ukutani. "Mbona hunitazami?"

Sekela alishika miwani aivue, lakini oda nyingine ilikuwa imeshaingia.