Kosa la Kumwamkia Bibi

Sekela alikuwa ameshaitwa mbele aseme machache kuhusu marehemu baba yake alipomwona msichana mdogo amesimama peke yake juani, kibao kikining'inia shingoni.

Siku hiyo maktaba ya shule, nje kidogo ya Vwawa, ilikuwa inapewa jina la baba yake. Alifundisha hapo miaka thelathini, na kila jioni alipanda baiskeli kuwafuata wazee, akaandika nyimbo za lugha yao ya Kinyiha, majina ya vilima, na jinsi mababu walivyoyeyusha chuma.

"Yule amekosa nini?" alimwuliza mkuu wa shule.

"Ameongea kilugha, mama. Atavaa hicho kibao mpaka amkamate mwenzake akiongea hivyo."

Sekela akamwendea mtoto. Kibaoni paliandikwa kwa rangi nyekundu: MIMI NI MSHAMBA. Kamba ya katani ilikuwa imemchubua shingo.

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Bibi alipita barabarani na kuni. Nikamwamkia."

Sekela alianza kuifungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekazwa, likamvunja ukucha, naye hakuliacha mpaka likafunguka.

"Mama, wageni wanasubiri," mkuu wa shule alisema kwa sauti ya chini. "Hizo ni taratibu za shule tu."

"Basi nitafutie kamba ndefu zaidi," Sekela alimjibu. "Hii hainitoshi shingoni."

Akashika kipaza sauti, akawaamkia wote kwa Kinyiha, kisha akasubiri waitikie.