Jani Mdomoni mwa Jilala

Siku hizi tumbaku ya Urambo haina sumu. Vimeng'enya vilivyokuwa vikitengeneza nikotini ndani ya mmea vimebadilishiwa kazi. Sasa vinatengeneza dawa ya maumivu, na kiwanda kinanunua majani mabichi.

Ng'washi alikuwa uani akifunga majani na majirani, umbea umepamba moto, alipomwona mwanawe Jilala anatafuna jani. Moyo ukamlipuka. Mama yake mzazi alikuwa akitapika kutwa kwa kuyachuma tu yakiwa na umande.

"Mtemesheni jamani, mwanangu anakufa!"

"Hebu tulia, shoga!" Mama Kabula akaangua kicheko. "Hiyo si tumbaku ya mabibi zetu. Wangu wote wameota meno na jani hilohilo."

Kweli, Jilala aliyelilia jino wiki nzima alikuwa kimya, udenda wa kijani ukimtiririka, anachekelea. Ng'washi akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi. Chai ikaletwa, soga zikaendelea.

Jilala akatambaa kuelekea mlangoni, akajigonga paji la uso kwenye kizingiti, pu! Ng'washi akageuka, mikono tayari kumbembeleza.

Mtoto alikuwa anamtazama, nundu ikivimba, bado anatabasamu.