Kilo Ishirini na Mbili

Nyakerario alikuwa amechoka kwa miezi saba. Haukuwa uchovu wa kazi, kwa maana aliamka nao asubuhi. Akipanda kutoka mtoni na mtungi wa lita kumi, aliketi chini mara tatu kabla ya kufika nyumbani.

Kwenye chai ndiko kulionekana zaidi. Alikuwa akichuma kilo kumi na nne kwa siku. Sasa alifikisha sita.

Kulikuwa na damu pia, chooni. Hiyo alimwambia nesi wa zahanati peke yake. Mama mkwe haambiwi mambo ya mwili, ndivyo alivyolelewa, na mume alikuwa mtu wa kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nesi alimvuta kope, akaona weupe wa ndani, akaandika barua.

"Nenda Kisii upimwe damu na tumbo," alisema. "Hii barua usikae nayo."

Mumewe, Zachariah, alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma huko huko Kisii. Alipokuja nyumbani Nyamache mwisho wa Januari aliisoma barua, akaikunja, akampeleka mkewe Masimba kwa mwanamke aitwaye Marion. Marion aliuza vidonge vya kuongeza nguvu: madini ya chuma, vitamini, unga wa majani. Alivaa koti jeupe, ingawa hakuwa daktari.

"Uchovu ni lishe tu," Marion alisema. "Mama, usiulize mwili unajisikiaje. Mwili unadeka. Angalia kazi ya mikono."

Neno hilo lilimwingia Zachariah. Kazi ya mikono ilikuwa na kipimo. Chai ikipimwa kituoni, pale wakulima wanapouzia majani, ujumbe wa kilo uliingia kwenye simu yake, kwa sababu nambari ya mkulima ilikuwa yake.

"Tutafanya hivi," alimwambia mkewe. "Utameza viwili kila siku. Mwezi ukiisha na kilo bado ni sita, nakupeleka hospitali. Zikipanda, dawa imeshika."

Kwa mama yake, Mong'ina, alisema maneno mengine, ya mwanaume anayetaka kuonekana mwanaume.

"Kilo zisipopanda, arudi kwao Nyaramba. Sikuoa mtu wa kulala."

Mong'ina alikuwa na miaka sitini na nane, na mdomo wake ulijulikana mpaka sokoni. Alikuwa na mistari yake michache ya chai ng'ambo ya kijito, na nambari yake mwenyewe. Mwaka huo alisema ameipogoa chai hiyo, ipumzike.

"Wewe Mama Brandon," alimwambia mke wa mwanawe jioni ya kwanza, "hata kuku wangu angechuma akushinde. Lete hicho kikapu nipeleke mimi kituoni, kabla hujakilalia."

Kuanzia siku hiyo akawa yeye wa kupeleka. Nyakerario alishukuru kimoyomoyo. Miguu yake isingefika.

Wiki ya pili kilo zilikuwa tisa. Wiki ya nne, kumi na tano. Zachariah akapiga simu.

"Mama Brandon, jana umefikisha kumi na tisa."

"Mimi naona kikapu ni kile kile."

"Macho ndiyo yamechoka. Mikono imepona."

"Lakini bado nasikia kizunguzungu, Baba Brandon. Ile barua ya nesi..."

"Barua ilisema umechoka. Mtu aliyechoka hachumi kumi na tisa. Kilo hazidanganyi."

Nyakerario aliona haya. Huenda ni kweli mwili ulikuwa unadeka tu.

Marion alimwomba Zachariah zile jumbe, akawa anazionyesha kwa wateja. Zachariah akanunua kopo la pili la vidonge, halafu la tatu.

Jioni walikula pamoja, Nyakerario, mtoto wake Brandon na bibi. Vidole vya Mong'ina vilikuwa vyeusi vikimega ugali.

"Ni utomvu wa ndizi," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza. "Na wewe kula. Mbona unachezea chakula kama bibi arusi?"

Wiki ya kumi na moja, kilo ziligonga ishirini na mbili. Kesho yake Nyakerario alianguka kati ya mistari ya chai na hakuinuka. Majirani walimbeba kwa blanketi mpaka barabarani.

Hospitalini Kisii daktari alisoma majibu, kisha akaisoma ile barua ya nesi, ambayo bado ilikuwa imekunjwa.

"Ni uvimbe wa utumbo," alisema. "Umevuja damu miezi mingi, na sasa umefika kwenye ini. Hii barua ni ya Januari. Januari tungeukata."

"Lakini alikuwa amepona," Zachariah alisema. Akatoa simu. "Angalia, daktari. Juzi tu. Kilo ishirini na mbili."

Daktari aliangalia simu, akaangalia tena karatasi ya damu.

"Mwenye damu hii hachumi ishirini na mbili," alisema. "Hachumi hata kumi."

Mong'ina alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani. Aliitoa mikono yake ndani ya leso, akaiweka juu ya magoti. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai mpaka ndani ya kucha.

"Sita ndizo zake," alisema. "Kumi na sita zangu. Ulisema utamrudisha kwao."

Nyakerario aliishi siku tisa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa wiki kumi na moja alimeza vidonge viwili kila siku bila kuruka, vidonge mia moja hamsini na vinne, na kwenye kopo la tatu vilibaki ishirini na sita.