Gugu la Siwema

Ua la mwituni ambalo Siwema aliling'oa kando ya reli na kulipanda nyumbani lilikuwa limechipua tena kwenye ukingo wa tuta la mchicha, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima. Kwa miaka kumi na minane mumewe, Makame, alilikata kila mvua za kwanza zilipoanza, na kila mara lilichipua upya kutoka mizizini. Yeye aliliita gugu. Siwema aliliita ua. Waligombana hivyo, nusu kwa utani, mpaka chai ikapoa.

Asubuhi hiyo Siwema alimshika mkono, akamleta hadi kwenye tuta na kumpa jembe. Daktari alikuwa amesema kwamba mikono ya mgonjwa wa kusahau wakati mwingine hukumbuka kile ambacho kichwa kimepoteza.

"Baba Rukia, gugu lako hilo limerudi," alisema. "Leo sikuzuii. Likate."

Makame aliinama, akayatazama maua ya rangi ya chungwa kwa muda mrefu.

"Hapana, mama," alijibu kwa adabu, kama mtu aliyeingia bustani ya watu. "Zuri namna hii likatwe kwa kosa gani? Mwenyewe akija tutamwambia nini?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Basi hongera, mama. Limekukubali."

Aliweka jembe chini, akachota maji kwa kopo na kuanza kulimwagilia taratibu, akijihadhari asivilowanishe viatu vya mwenyeji wake.