Kikohozi cha Adabu

Tangu Sikio, mtambo wa kuhesabu vikohozi, liwekwe darini mwa kila nyumba ya mjini, kifaduro hakijaua mtoto mjini humo, na Bi Salha, aliyezika wawili, humshukuru Mola kila alfajiri. Sheria ni moja: vikohozi vitatu kwa siku, na mlango hujifunga juma zima.

Siku ya nikahi ya bintiye Ruweida, aliyekuja kumwozesha ni ami yake, Mzee Shekuwe wa shamba. Kwa adabu ya wazee alisimama kizingitini akajikohoza, ili wanawake wajisitiri. Akajikohoza tena.

Bi Salha akatoka mbio, mtandio mkononi. "Shemeji, usitimize kikohozi cha tatu! Utatufungia harusi!"

"Lo! Adabu nayo imekuwa maradhi?"

"Sikio halipambanui kukohoa na kujikohoza. Karibu, shemeji, siku hizi hodi ni ya mdomo."

Wakacheka. Udi ukafuka, nikahi ikaanza. Katikati ya kuozesha, kikohozi cha kweli kikampanda mzee kifuani, machozi yakamlengalenga. Wanaume wakatazama dari. Akakimeza, akayatimiza maneno.

"Alhamdulillahi!" Nyuma ya pazia Bi Salha, aliyekuwa akichungulia, akapiga vigelegele kwa furaha, wala hakumuuliza shemejiye kifua kimemwanza lini.