Fimbo ya Shaba

Profesa Shekiondo alifunga waya mwembamba kama unywele kati ya vishikio viwili, akawageukia wageni wa chuo.

"Mshumaa huyeyuka ukadondoka," alisema. "Waya huu hautapata hata nafasi ya kudondoka. Umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita hizi utaugeuza mvuke papo hapo."

Nyuma yake alisimama Likwata, fundi wa maabara, na fimbo ya shaba katika mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vilikuwa vimekauka tangu siku profesa alipomwambia, "Gusa tu, bwana. Waya umelipuka, umeme umekwisha." Kisha akaandika kwenye ripoti kwamba fundi alikuwa amelewa. Likwata hajawahi kuonja pombe.

Mlipuko ulipiga kama bunduki. Wageni walishtuka, wakacheka, wakapiga makofi. Mahali pa waya palibaki moshi tu.

Sasa ilikuwa zamu ya Likwata kugusisha fimbo kwenye kapasita, ili mabaki ya umeme yaishie ardhini. Aliitazama sindano ya kipimo. Waya ulikuwa umekatika mapema mno, na sindano ilisimama kwenye robo: umeme bado ulikuwemo.

Profesa alikunja mkono wa shati. "Umekwisha, Likwata?" aliuliza bila kugeuka.

"Msomi ni wewe, profesa. Siku ile ulisemaje?"

"Mzee wangu huyu ana kinyongo," profesa aliwaambia wageni, wakacheka tena.

Akanyoosha mkono kuelekea vishikio ili afunge waya mwingine. Likwata aliinua fimbo, akaiacha hewani, shubiri moja kutoka kwenye kapasita.