Sindano ya Kurudi

Gauni la dukani lilikuwa rahisi, na binti alishalipenda. Mama yake akaligeuza upande wa ndani, akavuta kidogo kwenye kwapa. Uzi ukaachia.

Aliujua mshono ule. Kiwandani alikokuwa akishona, walikatazwa kurudisha sindano kufunga uzi mwisho wa mshono wa mkono, eti wanapoteza muda. Aliyeomba kwenda msalani alikatwa mshahara.

"Usiniambie rahisi ni ghali, mama," binti alisema taratibu. "La ghali hatuliwezi."

Mama akalitundika gauni, akamshika mkono, wakaingia duka la vitambaa jirani.

"Nitakushonea mwenyewe. Na sindano nitairudisha mara tatu."

"Lini? Kila siku uko kiwandani."

"Kesho."

"Kesho una zamu."

Mama akamgeukia mwenye duka. "Nikatie mita mbili."